Kuchomwa mionzi: kwa nini mgonjwa anapangiwa siku 25?

Ukisikia mtu wa Mwanza anasema mama yake "anachomwa mionzi Bugando", yaani anatibiwa saratani kwa mionzi katika hospitali ya Bugando, usidhani kuna moto. Neno hilo limewatisha wagonjwa wengi bure. Mgonjwa analala kwenye kitanda cha mashine, wahudumu wanatoka, mlango mzito unafungwa, mashine inalia dakika chache, kisha anaambiwa ashuke avae. Haumii. Na mionzi hiyo ya nje haibaki mwilini, kwa hiyo jioni anaweza kumpakata mjukuu bila hofu.

Mionzi hukata vinasaba vilivyomo ndani ya seli. Seli ikishindwa kujitengeneza, hufa inapojaribu kugawanyika. Ndiyo maana uvimbe hausinyai siku ileile. Seli zenye afya zilizo jirani na uvimbe nazo hujeruhiwa, ila zenyewe ni hodari zaidi wa kujitengeneza zikipewa nafasi. Nafasi yenyewe ni ule usiku wa kati ya dozi moja na nyingine.

Kipimo cha mionzi ni grei. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mara nyingi hutolewa grei 45 hadi 50 kwa nje, zikigawanywa mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Kisha hufuata mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi huwekwa ndani ya mwili, karibu na uvimbe. Mama aliyevuka ziwa kutoka Ukerewe ana haki ya kuuliza, "Si mngenipa zote leo nirudi nyumbani?" Zikipigwa zote siku moja, utumbo na kibofu vitaharibika vibaya.

Kukatiza nako kuna hatari, kwa sababu seli za saratani zilizosalia huzaliana upya. Ndugu wanaochangishana nauli, tafadhali, wapange fedha ya chakula na malazi ya wiki zote, si ya wiki ya kwanza tu. Mashine nayo ina zamu yake ya kuumwa. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, wanakosomea madaktari wa Makerere, mashine ya kobalti-60, madini yanayotoa mionzi yenyewe, iliharibika kabisa mwaka 2016, na nyingine ikazinduliwa Januari 2018. Hata ikiwa nzima, kobalti hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka mitano na kidogo, hivyo dozi ileile huchukua muda mrefu zaidi kitandani. Mashine za LINAC zinazalisha mionzi kwa umeme, hazina tatizo hilo.

Mara zote 25 mionzi inatakiwa ipige palepale. Kwanza mgonjwa hupigwa picha, wataalamu wa fizikia tiba wanapiga hesabu, na ngozi inachorwa alama. Wa saratani ya kichwa au shingo hutengenezewa barakoa: plastiki inalainishwa kwenye maji ya moto, inavutwa juu ya uso, inaganda kwa umbo lake. Alama za wino zisisuguliwe wakati wa kuoga. Zikianza kufifia, mgonjwa awaambie wahudumu kabla hajapanda kitandani, na asizikoleze mwenyewe kwa kalamu.