Je, mchoro wa kidijitali huchorwa na kompyuta?

Wengi wanaamini kwamba anayechora kwenye tableti hachori hasa: programu ndiyo inayomfanyia kazi, ilhali mwenzake wa karatasi na brashi hutegemea mkono wake. Dhana hii inaeleweka, maana tunaiona picha ikiwa imekamilika, hatuoni saa zilizotumika.

Kalamu nyingi za tableti huhisi nguvu ya mkono. Ukikandamiza, mstari hunenepa, ukilegeza, hukonda. Programu haijui kivuli cha pua kiangukie wapi wala shingo iwe ndefu kiasi gani; hayo huamuliwa na mchoraji. Kweli, kuna wepesi wake: kosa hufutwa papo hapo, na picha hupangwa kwa matabaka, hivyo unaweza kubadili rangi ya anga bila kuugusa mnazi ulio mbele yake. Lakini wepesi wa kufuta haumfundishi mtu kuliona kosa.

Programu zinazotengeneza picha kutokana na maandishi ni jambo jingine kabisa, na kuyachanganya haya mawili ni kuwaonea wachoraji.

Jaribu mwenyewe. Chora kikombe kwa penseli, kisha ukichore kwa programu ya bure ya simu. Tazama mdomo wa kikombe: ukiupinda vibaya kwenye karatasi, yaelekea utaupinda vivyo hivyo kwenye skrini. Na ukiitilia shaka picha ya mtu, mwombe kwa upole akuonyeshe matabaka yake au video ya hatua za uchoraji. Programu kadhaa huweza kuirekodi zenyewe.