Alama nyekundu ya mtoto haitokani na mabibo

Huku Mtwara, msimu wa korosho ukipamba moto, mjamzito anayetamani bibo huonywa: usijishike usoni, mtoto atatoka na alama. Kichanga akiota uvimbe mwekundu shavuni, lawama zote humwendea mama. Hilo si haki hata kidogo.

Uvimbe huo, hemanjioma, kwa kawaida haupo siku ya kuzaliwa, au huwa doa hafifu tu. Hujitokeza wiki za kwanza, hukua kwa kasi miezi ya mwanzo, kisha husinyaa taratibu kwa miaka. Ni mishipa midogo ya damu iliyokua kupita kiasi.

Mishipa hukua hivi: tishu ikipungukiwa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF. Seli za ukuta wa mshipa zina vipokezi vyake, yaani sehemu za kuipokea. VEGF ikinasa hapo, seli hugawanyika na mshipa hurefuka. Wingi wa vipokezi hivyo hutawaliwa pia na jeni za ukuaji, zilezile zinazopanga mwili wa mtoto tumboni. Mojawapo, HOXA5, hupunguza kipokezi kikuu cha VEGF, na mshipa uliokomaa hutulia. Katika hemanjioma inayokua, watafiti waliikuta HOXA5 haipo kazini.

Hemanjioma nyingi hazihitaji dawa. Ikiwa karibu na jicho, mpeleke mtoto hospitali mapema, maana inaweza kuathiri uoni. Mwaka 2008 madaktari wa Ufaransa walieleza kwamba propranololi, dawa ya moyo, huifanya isinyae. Hutolewa na daktari tu. Nyumbani usiikande wala usiipake majivu, kwani ikichubuka hutoka damu.