"Hatujaungana, Tumeshirikiana Tu": Dhana Potofu kuhusu Mikataba ya Kampuni za Simu na za Kebo

Katika miaka yote niliyowashauri wafanyabiashara wa mawasiliano juu ya sheria ya ushindani, hakuna kauli niliyoisikia mara nyingi kuliko hii: "Wakili, sisi hatujaungana, tumeshirikiana tu." Mteja huitamka akiwa ameshauweka mkataba mezani, mara nyingi ukiwa umekwisha kutiwa saini, na huitamka kwa utulivu wa mtu aliyekuja kunywa chai na si kuomba ushauri. Juzi niliisikia mara mbili kwa siku moja kutoka kwa watu wasiojuana, na wa pili akaongeza methali ya umoja ni nguvu. Methali hiyo ni nzuri kwa chama cha ushirika. Ikiandikwa kwenye barua pepe kati ya washindani wawili, Tume ya Ushindani itaisoma kama ushahidi.

"Hatujaungana, kwa hiyo sheria ya ushindani haituhusu"

Kosa la kauli hii ni kudhani kwamba sheria ya ushindani ilitungwa kwa ajili ya kampuni zinazonunuana. Nchini Marekani, ambako sheria hizi zina umri mkubwa, Sheria ya Sherman ya mwaka 1890 inafungua kwa kupiga marufuku mikataba inayobana biashara, na katazo mahususi la ununuzi wa kampuni lilikuja baadaye, katika Sheria ya Clayton ya mwaka 1914. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2010 zimepangwa vivyo hivyo: makubaliano yanayofifisha ushindani yanatangulia, na miungano inafuata vifungu kadhaa baadaye. Mteja anayesema kwamba hakuungana na mtu anakuwa amejitoa katika sehemu moja ya sheria na kuiacha bila kuisoma sehemu iliyoandikwa kwa ajili yake.

Mfano ninaoutumia kila mara ni wa Marekani, kwa sababu nyaraka zake ziko wazi na kwa sababu unaipindua dhana hii kichwa chini miguu juu. Mwezi Desemba 2011, Verizon Wireless, kampuni ya simu za mkononi, ilitangaza kwamba ingenunua masafa ya redio kutoka SpectrumCo, ubia uliokuwa ukimilikiwa na kampuni tatu za kebo, yaani Comcast, Time Warner Cable na Bright House Networks, kwa dola bilioni 3.6. Majuma mawili baadaye ikatangaza kununua masafa ya kampuni nyingine ya kebo, Cox, kwa dola milioni 315. Sambamba na mauzo hayo ilitiwa saini mikataba ya biashara ambayo wengi hawakuitilia maanani hapo mwanzo: Verizon Wireless ingekuwa wakala wa kuuza televisheni, intaneti na simu za mezani za kampuni hizo za kebo, kampuni hizo nazo zingeuza huduma ya simu za mkononi ya Verizon Wireless, na pande zote zingeanzisha ubia wa kubuni teknolojia ya kuunganisha huduma za nyumbani na za mkononi. Hakuna kampuni iliyoimeza nyingine, na hakuna hisa zilizobadilishana mikono.

Mwezi Agosti 2012, Wizara ya Sheria ya Marekani ilifungua shauri ikishirikiana na Jimbo la New York. Kwa mantiki ya wateja wangu, shauri lingepaswa kulenga masafa, kwani ndiko mali ilikohama na ndiko zilikokuwa fedha nyingi. Lakini mauzo ya masafa yalipita, Verizon ikiwa imekwisha kukubali kuihamishia T-Mobile, mpinzani wake katika simu za mkononi, sehemu ya masafa hayo, na Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ikatoa idhini yake mwezi huohuo. Kilichoshtakiwa ni mikataba ya uwakala na ubia wa teknolojia. Karatasi ambazo mteja wangu angeziita "ushirikiano tu" ndizo zilizofika mahakamani.

Sababu yake inahitaji kuelezwa taratibu, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapopotea. Wakati huo asilimia 55 ya Verizon Wireless ilikuwa mali ya Verizon Communications, na sehemu iliyobaki ilikuwa ya Vodafone. Verizon Communications, kwa upande wake, ilikuwa na huduma ya faiba hadi nyumbani iitwayo FiOS, iliyoanza mwaka 2005, na katika maeneo mengi ya kaskazini-mashariki mwa Marekani faiba hiyo ndiyo iliyokuwa mshindani mkubwa wa kampuni ya kebo iliyomo mtaani. Nyumba nyingi za maeneo hayo zilikuwa na nyaya mbili za kuchagua kwa intaneti ya kasi: wa kebo au wa FiOS. Sasa, chini ya mikataba ile, duka lenye kibao cha Verizon lingelazimika kuuza bidhaa ya kebo hata katika maeneo ambayo FiOS ipo, pasipo uhuru wa kuipendelea FiOS, na lingelipwa kamisheni kwa kila mteja aliyejiunga na kebo.

Tuchukue hesabu ya kubuni. Kampuni inapata faida ya shilingi 100 kila inapomnasa mteja wa faiba, na haipati kitu anapokwenda kwa mpinzani. Tofauti kati ya kushinda na kushindwa ni shilingi 100, na kwa ajili ya hizo 100 itashusha bei, itarekebisha huduma, na itatuma mafundi siku ya Jumapili. Mpe meneja wa kampuni hiyohiyo kamisheni ya shilingi 30 kwa kila mteja anayekwenda kwa mpinzani, na tofauti inakuwa shilingi 70. Hakuna aliyepanga bei, hakuna aliyekutana na mwenzake hotelini usiku, na pengine hakuna hata aliyekuwa na nia mbaya. Lakini sababu ya kupigania mteja imepungua kwa karibu theluthi, kila siku, katika kila duka. Hivyo ndivyo Wizara ya Sheria ilivyolitazama jambo lile, na hivyo ndivyo mamlaka yoyote makini ya ushindani italitazama: haiulizi karatasi inaitwaje, inauliza ari ya kila upande kushindana itakuwaje asubuhi inayofuata baada ya saini.

Hukumu ya maridhiano iliyotokana na shauri hilo ingefaa isomwe na kila mwanasheria wa kampuni ya simu kabla ya kuandaa mkataba wa uwakala. Verizon Wireless ilizuiwa kuuza huduma za kebo katika maeneo ya FiOS. Katika maeneo ambako Verizon ilikuwa na intaneti ya waya wa simu pekee, uuzaji huo uliwekewa ukomo wa mwisho wa mwaka 2016, isipokuwa Wizara ingeridhia uendelee. Ubia wa teknolojia, ambao awali haukuwa na kikomo cha muda, nao ulipewa tarehe hiyohiyo. Kampuni za kebo, kwa upande mwingine, ziliachiwa haki yao ya baadaye ya kununua huduma ya simu kwa jumla kutoka Verizon Wireless na kuiuza kwa jina lao wenyewe. Inafaa kuitazama ramani hiyo kwa makini: pale ambapo washirika walikuwa washindani wa ana kwa ana, uwakala ulikatazwa, pale ambapo ushindani ulikuwa dhaifu, uliruhusiwa kwa muda, na kile ambacho kingeweza kuzaa mshindani mpya, kilihifadhiwa.

Kwa sababu hiyo, mteja anapoingia ofisini kwangu na mkataba wa uwakala, siuombi mkataba kwanza. Naomba jedwali la kamisheni za wauzaji. Wengi hushangaa, na wapo wanaodhani nimechanganya faili. Lakini kijana wa dukani hasomi mkataba, anasoma kamisheni, na ikiwa bidhaa ya mpinzani inamlipa sawa na ya mwajiri wake au zaidi, basi ninajua tatizo liko wapi kabla sijafungua ukurasa wa kwanza.

"Wao ni televisheni, sisi ni simu, hatushindani"

Kauli hii ilikuwa na ukweli katika enzi ya simu za kuzungusha. Leo kampuni ya kebo inauza intaneti na simu, kampuni ya simu inauza intaneti na televisheni, na familia inazilinganisha zote mbili kwa ankara moja. Marekani iliondoa vizuizi vya kisheria kati ya sekta hizo mbili kwa Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996, kwa matumaini kwamba kila upande ungeingia shambani kwa mwenzake. Anayenieleza leo kwamba hashindani na kampuni ya kebo huku akiwa na mabango ya intaneti ya nyumbani barabara nzima, ananipotezea muda.

"Kama ni hivyo, hata kukaa kila mtu upande wake ni kosa"

Hapa mteja anakimbilia upande wa pili wa kosa, na dhana hii inastahili jibu kwa sababu inaonyesha uzito wa karatasi. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Bell Atlantic dhidi ya Twombly, ililitazama dai kwamba kampuni za simu zilizorithi mtandao wa zamani wa Bell, kampuni iliyowahi kuhodhi simu nchini humo, zilikuwa zimekubaliana kutoingiliana maeneo. Kwa kura 7 dhidi ya 2, Mahakama ilisema kwamba mwenendo unaofanana peke yake hautoshi. Mlalamikaji hana budi kueleza mambo yanayoonyesha kwamba makubaliano yalikuwapo kweli. Kila kampuni ina ruhusa ya kuamua, kwa akili yake yenyewe, kwamba mtaa fulani haulipi. Ukiliweka shauri hilo la mwaka 2007 kando ya lile la mwaka 2012 utaona tofauti waziwazi: kwa Twombly walalamikaji walikuwa na ukimya wa washindani na hawakuwa na hati, kwa mikataba ya Verizon na kebo, washindani waliiandika hati wenyewe, wakaitia saini, na wakaitangaza kwa vyombo vya habari.

"Ushirikiano wowote wa washindani ni haramu"

Si kweli, na wanaoamini hivyo huishia kukataa mambo mema. Washindani hukodishiana minara, hubebeana simu za wateja waliovuka mpaka, na huunganisha mitandao ili simu ya huku ipokewe kule. Tanzania ilionyesha mfano wa aina hiyo kuanzia mwaka 2014, pale kampuni za simu zilipokubaliana kuwawezesha wateja wao kutumiana fedha moja kwa moja kati ya mtandao mmoja na mwingine. Makubaliano ya namna hiyo yanamrahisishia mteja kuhama, kwa hiyo yanauongeza ushindani. Swali ni lilelile la awali: baada ya saini, je, kila upande una sababu zaidi au pungufu ya kumgombania mteja?

Na nikiri jambo moja linalowasumbua wenzangu wenye msimamo mkali. Ile haki ya kununua huduma kwa jumla, iliyohifadhiwa mwaka 2012, haikubaki kwenye karatasi: Comcast ilianzisha huduma yake ya simu za mkononi mwaka 2017, na Charter, kampuni nyingine ya kebo, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imezinunua Time Warner Cable na Bright House, ikafuata mwaka 2018, zote mbili zikipita juu ya mtandao wa Verizon. Mikataba iliyoogopwa kwamba ingeua ushindani wa intaneti ya nyumbani ilizaa wauzaji wapya wa simu. Wanaosema kwamba hofu ya mwaka 2012 ilitiwa chumvi hutumia ushahidi huu. Mimi nasema kilichozaa matunda ni kile kipengele kilichoachwa, na kilichokatwa kilistahili kukatwa.

"Mteja anapata punguzo, kwa hiyo hakuna madhara"

Punguzo la leo si jibu. Madhara yanayochunguzwa ni bei ya mwaka kesho kutwa, faiba ambayo haitatandazwa, na fundi ambaye hatatumwa. Leteni punguzo kama sehemu ya hoja, msilete kama hoja nzima.

"Mdhibiti wa mawasiliano ameridhia, basi yamekwisha"

Nchini Marekani Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano hupima maslahi ya umma, na Wizara ya Sheria hupima ushindani. Ni milango miwili, na kuruhusiwa katika mmoja hakuufungui wa pili. Kwetu pia anayetoa leseni ni mmoja na anayelinda ushindani ni mwingine. Nimewahi kuletewa barua ya mdhibiti iliyowekwa kwenye fremu kama cheti cha ndoa, na ilikuwa inahusu aina ya vifaa tu.

"Tukiweka muda mrefu tunaonyesha uaminifu kwa mwenzetu"

Hapa ndipo mahali ninapopoteza subira. Ubia wa teknolojia wa mwaka 2011 ulitiliwa shaka si kwa sababu ya teknolojia yenyewe, bali kwa sababu washindani walikuwa wamejifunga pamoja katika uvumbuzi bila tarehe ya kutoka, huku kila mmoja akijua kwamba wazo lake jipya lingezunguka meza moja na wapinzani wake. Ushirikiano wa miaka mitatu unaoweza kuhuishwa baada ya mapitio unatetewa kwa urahisi. Ule wa milele hauna anayeweza kuueleza mbele ya mchunguzi. Wa juzi, yule wa methali, mkataba wake una kurasa 46, viambatisho vinne na ukurasa mzima wa tafsiri ya maneno, lakini nimeupitia mara mbili bila kukuta siku unapokwisha. Nimemrudishia na kipande cha karatasi chenye neno moja: "Lini?"