Mrija wa moyo: hatari kubwa iko wapi?

Mtu akiambiwa atapitishiwa mrija hadi moyoni, hofu yake ya kwanza ni kwamba utamtoboa moyo. Hilo hutokea, lakini ni nadra sana. Kwa anayekuja kuchunguzwa tu mishipa ya moyo, vifo, viharusi na mashambulio ya moyo, hata ukivijumlisha, kwa kawaida havifikii mgonjwa 1 kati ya 100. Aliyeletwa tayari ana shambulio la moyo, huyo hatari yake ni kubwa zaidi.

Tatizo la kawaida zaidi liko mbali na moyo, pale mrija ulipoingilia: kinenani au kwenye kifundo cha mkono. Damu huvuja, au huvilia chini ya ngozi na kufanya uvimbe. Kupitia mkononi hupunguza tatizo hili, ila si kila mgonjwa anafaa. Hapa kwetu, safari ndiyo inayonitia wasiwasi. Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago jijini Kampala, imekuwa na maabara ya huduma hii tangu 2012, na wagonjwa hutoka mbali, hata Arua na Kisoro mipakani. Mtu ametobolewa kinenani, kesho anawaza basi, kisha boda boda hadi kijijini! Muulize daktari lini usafiri, na kwa siku kadhaa usibebe jerikeni. Damu ikianza kutoka, lala chali, mwenzako akandamize kwa nguvu dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Isipokoma, au mguu ukawa baridi na kufa ganzi, nenda hospitali papo hapo.

Dawa ya rangi inayoonyesha mishipa kwenye eksirei huweza kuumiza figo au kuleta mzio. Kwa hiyo sema mapema kama una kisukari, ugonjwa wa figo au mimba, na kama unameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Dawa za kienyeji nazo zitaje; sisi wahudumu hatugombezi mtu.

Vijana ambao vali zao, yaani milango ya moyo inayopitisha damu, zimebana kwa sababu ya homa ya baridi yabisi, hupanuliwa vali hizo kwa puto linalopitishwa kwa mrija huo. Mara chache vali huchanika ikavuja sana, na upasuaji ukahitajika haraka. Uliza hilo kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa.

Aliyewekewa stenti, yaani kibomba kidogo cha wavu kinachoachwa ndani ya mshipa ili usizibe, asiache aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda humo, kwa kuwa amepata nafuu au pesa zimeisha. Stenti huweza kuziba ghafla. Dawa zikikaribia kwisha, tupigie simu kabla ya kidonge cha mwisho.