Njiwa Wako Naye ni Mfugo

Kila msimu wa chanjo ya mdondo (kideri), ugonjwa wa virusi unaoua kuku, wenye kuku hutuletea sisi wachanjaji matenga yao bila kusukumwa, ilhali mwenye njiwa husimama mlangoni na kutueleza kwamba ndege wake hawahitaji kitu, kwa kuwa hula wenyewe na hurudi wenyewe. Kauli hiyo ndiyo mzizi wa malalamiko mengi ya majirani yanayotufikia.

Binadamu amemfuga njiwa kwa maelfu ya miaka, akamla na kumtuma barua. Kwa utumishi wao katika Vita vya Pili vya Dunia, njiwa 32 walitunukiwa nishani ya Dickin, tuzo ya wanyama waliotumikia vitani, nchini Uingereza. Siku hizi wengi tumembakishia sanduku la mbao ukutani na imani kwamba hakai penye ugomvi, hata akianza kufa anatafutwa mwenye husuda. Husuda haipindi shingo ya njiwa. Njiwa anayedonoa kando ya punje, akarudia na kukosa tena, kisha shingo ikajipinda na kinyesi kikawa majimaji, huenda ana virusi vya mdondo. Mwaka 1984, virusi hivyo viliwafikia kuku wa Uingereza kupitia chakula kilichochafuliwa na njiwa kwenye maghala ya bandari ya Liverpool, bila njiwa kulazimika kuingia bandani.

Ukiona dalili hizo, watenge wagonjwa, usiwachinje, usiwauze wala kumgawia ndugu, na siku hiyohiyo umtaarifu ofisa mifugo wa kata, ukimweleza idadi ya waliougua, idadi ya waliokufa, tarehe ya dalili za kwanza, na ndege walioingia au kutoka nyumbani kwako hivi karibuni. Mzoga ufukiwe au uchomwe baada ya ofisa kuamua kama atachukua sampuli, si kabla. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mnyama kutoa taarifa, na anayekaidi anaweza kushtakiwa, akatozwa faini, akafungwa, au vyote viwili. Utetezi wa "ni njiwa tu" tumeuchoka.

Kuku wapewe tone moja la I-2, chanjo ya mdondo, jichoni, kisha warudiwe kila baada ya miezi mitatu. Chanjo ya njiwa ichaguliwe na mtaalamu. Kinyesi kilichokauka kwenye sanduku kiloweshwe kabla ya kukwanguliwa, kwani vumbi lake hudhuru mapafu, na pumba za kuku zihifadhiwe kwenye pipa lenye mfuniko, mahali ambapo njiwa hawezi kutua.