Je, wajua kwa nini si vizuri kufukia matawi ya kahawa yaliyopogolewa?

Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho au Machame kabla masika hayajaanza, utaona marundo ya matawi chini ya migomba. Mavuno yamekwisha, watu wanapogolea kahawa, na swali ni lile la kila mwaka: haya yote yaende wapi? Wengi huyatia kiberiti. Wengine, waliosikia kwamba kila kilichotoka shambani ni mbolea, huchimba shimo katikati ya mistari na kuyafukia mabichi, na miezi michache baadaye wanashangaa kuona kahawa ya jirani na shimo imekuwa ya manjano.

Tuanze na sababu ya kukata kwingi namna hii. Kahawa huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia. Pale palipokwisha kuzaa hapazai tena vya maana, kwa hiyo buni husogea mwaka hadi mwaka kuelekea nchani, mpaka unabaki na tawi refu, lililo tupu katikati, lenye vibuni vichache mwishoni. Hilo halina kazi tena. Zabibu nazo zina tabia inayofanana na hiyo, maana shada hutoka kwenye chipukizi jipya lililoota juu ya tawi la msimu uliopita. Wenzetu wa Dodoma, wanaovuna zabibu mara mbili kwa mwaka, hupogolea mara mbili, na kichwa kinawauma mara mbili.

Sasa turudi kwenye shimo. Kinachoozesha mti ni bakteria na kuvu wa udongoni. Hao chakula chao kina kaboni ya kuwapa nguvu na naitrojeni ya kujenga miili yao, na mlo unaowafaa ni wenye takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni. Majani ya kahawa yanapita vizuri kabisa kwenye kipimo hicho. Yakiwa na afya yana naitrojeni ya karibu asilimia 3 ya uzito wake mkavu, ndiyo maana huoza upesi. Mti wenyewe ni habari nyingine. Umejaa kaboni na naitrojeni yake ni kidogo mno. Kuufukia ni sawa na kumwekea mtu sinia la ugali bila mboga: atakwenda kuomba mboga kwa jirani. Na jirani hapa ni mzizi wa kahawa. Vijidudu huvuta naitrojeni iliyo kwenye udongo unaowazunguka, huifungia katika miili yao, na mmea unabaki na njaa hata kama ulitia samadi.

Utaitambua njaa hiyo kwa kuangalia majani yanayoanza kubadilika. Mmea uliokosa naitrojeni huihamisha kutoka majani ya zamani kwenda kwenye machanga, kwa hiyo majani ya ndani ya tawi hupauka kwanza huku ya nchani yakiwa bado na ukijani. Naitrojeni haijapotea kabisa. Vijidudu vikifa, hurudi udongoni. Shida ni kwamba hurudi kwa wakati wao, wakati mmea uliihitaji masika, ulipokuwa ukikuza matawi ya mavuno yajayo.

Kuna na dhambi ya pili ya shimo. Mizizi myembamba ya kahawa, ile inayokula, mingi iko kwenye sentimita 30 za juu za udongo. Jembe linalochimba shimo la matawi linaikata hapo hapo.

Matawi hayo hayo ukiyalaza juu ya ardhi hayaleti balaa hiyo. Mti hugusana na udongo kwenye utando mwembamba tu wa juu, kwa hiyo wizi wa naitrojeni hauzami mpaka kwenye mizizi. Katakata matawi membamba kwa panga, vipande vya urefu wa kiganja vinatosha, uyatandaze umbali kidogo kutoka kwenye shina. Kwenye mteremko, na nani huku juu hana mteremko, yapange kukingama na maji ili yazuie udongo usishuke. Kama una ng'ombe wa kufungiwa bandani, njia iliyo bora kwangu ni kuyachanganya na samadi kwenye rundo la mboji: samadi na mkojo ndiyo mboga iliyokosekana kwenye sinia. Rundo likipanda joto la nyuzi 55 na zaidi, na likigeuzwa ili ya nje yaingie ndani, vimelea vingi vya magonjwa hufa humo. Hilo lina uzito kwa wenye aina za zamani kama N39 na KP423, kwa sababu kuvu wa chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni zikiwa bado changa, hujificha kwenye magome ya vijitawi.

Kuchoma? Shambani sikushauri. Moto unarusha naitrojeni hewani na kuacha potashi, chokaa na fosforasi kidogo kwenye majivu. Ila mashina manene hayana haja ya kubembelezwa yaoze, maana ni kuni nzuri. Yapikie, kisha majivu ya mekoni peleka kwenye migomba, ambayo hupenda sana potashi. Kahawa hupenda udongo wenye uchachu kidogo, usiirundikie majivu. Wala usiyachanganye na samadi mbichi, kwani yatafukuza naitrojeni ya samadi kama gesi ile inayowasha pua.

Mashina hayo lakini yakague kabla ya kuyapanga nyuma ya nyumba. Tazama sehemu ya chini: ukiona unga wa mti umemwagika kama wa msumeno, au mfereji chini ya gome, humo yumo bungua mweupe, mdudu anayetoboa mashina ya kahawa. Kiwavi wake anaweza kukaa ndani ya mti karibu miaka miwili, na kuukata mti hakumsumbui sana. Atatoka akiwa mdudu mzima, mwenye mabawa, na kahawa yako iko hatua chache tu. Kuni za namna hiyo ndizo za kuwasha kwanza.

Yamebaki maotea, yale machipukizi yanayosimama wima kwenye shina. Haya watu huyatupa bila kuyafikiria, kumbe kwenye aina bora zinazotoka kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI, Lyamungo, ndiyo yanayokatwa vikonyo vya kuoteshea miche. Lazima yawe ya wima. Kikonyo cha tawi la ubavuni kinaweza kutoa mizizi, lakini kitaendelea kukua kwa ubavu, kikitambaa kama kichaka, bila kusimama kuwa mti. Mzabibu hauna ubaguzi huo: pingili yenye macho matatu au manne kutoka kwenye matawi yaliyopogolewa, yakiwa yamekomaa na hayana ugonjwa, inatosha kuanzisha shina jipya.