Zanzibar si kanda ya Mahakama Kuu

Kila kesi inapounguruma Unguja, hakosekani wa kuandika "Mahakama Kuu, Kanda ya Zanzibar." Kanda hiyo haipo.

Mahakama Kuu ya Zanzibar ndiyo mahakama ya juu ya visiwani kwa jinai na madai, na imewekwa na Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 93. Zipo pia mahakama za mikoa, za wilaya, za mwanzo na za Kadhi. Maana yake ni kwamba Zanzibar ina mahakama zake yenyewe.

Kanda ni jambo jingine kabisa. Mwanza, Arusha na Tanga ni kanda: mahakama ni ileile moja, majaji huhamishwa huku na huko, na wote wako chini ya Jaji Mkuu wa Tanzania. Jaji wa Zanzibar humhamishii Mwanza. Ameteuliwa na Rais wa Zanzibar, ana Jaji Mkuu wake, na msajili wa mahakama yake huitwa mrajis. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama Kuu kule haendi Mahakama Kuu ya bara kukata rufaa. Mahakama hizi mbili zinalingana cheo, na zinakutana juu, kwenye Mahakama ya Rufani.

Wengine hubisha kwamba nchi ni moja. Ni moja, na Katiba ya Muungano ya 1977 yenyewe, ibara ya 114, inasema haizuii Mahakama Kuu ya Zanzibar kuendelea kuwapo. Tazama pia orodha ya mambo ya Muungano mwishoni mwa Katiba hiyo: Mahakama ya Rufani imo, namba 21. Mahakama Kuu haimo.

Hata rufaa ina mpaka. Mjane wa Makunduchi akidai mirathi kwa Kadhi, shauri lake litaishia Zanzibar. Mahakama ya Rufani hailigusi. Vivyo hivyo tafsiri ya Katiba ya Zanzibar.

Wapo pia wanaovuka upande wa pili na kusema mwenye mahakama zake ni dola kamili. Hilo nalo sivyo. Mwaka 2000, katika kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi Zanzibar, kwa sababu Zanzibar si dola.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, ukipeleka habari ya hukumu kutoka Unguja au Pemba, ondoa tu hilo neno "Kanda" na uandike: Mahakama Kuu ya Zanzibar.